Nitajifungulia wapi?

Mimba imeingia mwezi wa nane na hapa nyumbani mazungumzo ni hayo tu: serikalini au binafsi? Mama mkwe ameshaamua zamani. "Mwanangu, huko serikalini utafokewa, na bado utalazwa mzungu wa nne."

Hajadanganya. Kwenye hospitali ya mkoa ninakohudhuria kliniki nilichungulia wodi ya wazazi: kina mama wawili wawili kitandani, huyu kichwa huku, mwenzake kule, vichanga katikati, ndoo na mabeseni uvunguni. Kisera huduma ya uzazi ni bure, ila unakwenda na pamba zako, glovu, wembe, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika na kanga za kutosha. Ndiyo bure yetu hiyo.

Binafsi nako tulikwenda, mimi na mume wangu, tukatembezwa kama wanunuzi wa kiwanja. Kiyoyozi, maji ya moto, supu asubuhi. Nikamuuliza dada wa mapokezi: usiku daktari wa wajawazito analala hapahapa? "Anapigiwa simu." Damu mnayo? "Tunaagiza, dada." Mtoto akizaliwa njiti? "Tunampeleka Muhimbili." Kwa foleni za Dar? Hilo sikumuuliza, niliaga tu.

Mimi damu yangu ni O hasi, na kwetu huku watu wa kundi hilo ni wa kutafuta. Takwimu za kitaifa za 2022 zinaonyesha vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 za 2015/16. Nafuu kubwa, sibishi. Ila kutokwa damu baada ya kujifungua bado kunaua, na kunaua haraka, huku watu wakiendelea kupiga simu. Pale mkoani chumba cha upasuaji hakilali, damu wanatunza palepale, na wodi ya njiti iko ghorofa ya pili. Nesi mmoja wa kliniki, mkali kama nini, ndiye aliyenikalisha chini akanieleza kwamba mtoto akiwa na damu chanya natakiwa nichomwe Anti-D, sindano ya kuzuia mwili wangu usitengeneze kinga ya kushambulia damu ya mtoto, ndani ya saa 72, kwa ajili ya mimba zijazo. Sindano yenyewe nitanunua, na lazima ikae kwenye ubaridi.

Zipo hospitali binafsi kubwa zenye kila kitu, najua. Bila bima, upasuaji wao ndiyo hicho kiwanja chenyewe.

Kwa hiyo naenda serikalini. Mama mkwe amenuna siku mbili, leo kauliza saa za kuona wagonjwa ili alete supu. Kaka yangu wa Mbagala, naye O hasi, nimemkataza kusafiri mpaka nijifungue. Anasema korosho zake za Masasi zikiozea chini, nitazilipa mimi.