Nyundo ya dukani bado haijakamilika

Nilipoanza kufua vyuma nilifanya ujinga mmoja, nikaenda mtaa wa Gerezani pale Dar nikachukua nyundo ya ratili nne, yaani karibu kilo moja na gramu 800, kisa nilijiambia chuma ni kigumu basi nyundo nayo iwe ya maana. Wiki mbili tu kiwiko kinawaka moto, usiku nikishika kikombe cha chai mkono unatetemeka, na mapanga yenyewe yanatoka na mabonde kama barabara ya mtaani kwetu. Mzee aliyenipa kona kwenye banda lake akaitazama ile nyundo akacheka, "mwanangu hiyo ya kuvunjia kokoto, umekuja kufua au kujenga?"

Akanipeleka kwa watu wa skrepa. Tukapata kichwa kizee cha ratili mbili, kama gramu 900 hivi, hakina mpini, kina kutu, upande mmoja bapa na wa pili umechongwa kama kabari iliyolala. Huo upande wa kabari ndio unaovuta chuma kiwe kirefu, ule bapa unasawazisha. Kabla hatujalipa mzee akapitisha tupa usoni, yaani ule upande bapa, ikateleza, akasema hiki bado kigumu, ingekuwa inauma vizuri tungekiacha pale pale. Halafu akakigonga kwenye kipande cha reli akasikiliza, maana chenye ufa mlio wake unakuwa wa kufa.

Sasa uso. Nyundo nyingi zinakuja na kingo kali na uso ulionyooka kabisa, ukipiga ukainama kidogo tu ile kona inaacha alama ya mwezi kwenye chuma, na alama hiyo kuiondoa ni kazi ya jioni nzima. Kwa hiyo nikashika grenda nikaziua kingo zote, na uso nikaupa mbinuko kidogo mno, ukiweka rula juu unaona mwanga kwa pembeni, basi. Ila kwenye grenda taratibu jamani, saga kidogo chovya maji, saga kidogo chovya maji, ukiona rangi ya bluu ujue ugumu umeshaondoka hapo. Nikamalizia na msasa mpaka uso ukang'aa, manake mkwaruzo wowote wa kwenye nyundo unahamia kwenye kazi.

Mpini ndio ulionichosha. Nilitumia mpera uliokaukia kivulini miezi kadhaa, nyuzi zimenyooka toka mwanzo mpaka mwisho, nikachonga kwa panga halafu nikaparua na kipande cha kioo kilichovunjika (kinafanya kazi kuliko msasa, niamini). Usiufanye wa duara, ufanye kama yai, ili kiganja chenyewe kijue uso umeelekea wapi hata macho yakiwa kwenye moto. Urefu nilipima kwa mkono wangu, toka kiwiko mpaka vidole vinapoanzia. Wa kwanza niliuacha mnene nikahisi ndio imara, kumbe unabana misuli, nikaupunguza mara tatu. Na vanishi usipake, inateleza na kutoa malengelenge, mimi napaka mafuta tu.

Kuvalisha kichwa nacho kuna ujanja, usikigonge. Ning'iniza nyundo kichwa kikiwa chini, piga tako la mpini na gogo, utashangaa kichwa kinapanda chenyewe. Kisha kabari ya mti, na kikabari cha chuma kwa kukatiza. Kuna watu kichwa kikilegea wanalowesha nyundo kwenye ndoo, inabana kweli siku hiyo, mti ukikauka inalegea zaidi ya jana, na kichwa kikichomoka ukiwa unapiga ombea asiwepo mtu mbele.

Ile ya ratili nne sijaiuza. Tukiwa tunakata springi ya Fuso mimi nashika tindo, kijana wangu anaipiga kwa mikono miwili, anaipenda balaa.