Stika mbili

Jamani, nimerudi sasa hivi, hata mkoba sijautua.

Huku kwetu Unguja kulikuwa na maduka makubwa mawili yanatazamana. Huyu akishusha sukari leo, mwenzake kesho anashusha mafuta. Sisi kazi yetu kuvuka barabara tu.

Mwezi uliopita mmoja kamnunua mwenzake. Rangi moja, fulana moja.

Leo nashika dumu la mafuta la lita 3, naona stika ya bei imevimba. Nikaikwangua kwa ukucha.

Chini yake ipo ya zamani: 17,500.
Ya juu: 19,800.

Gundi bado inanata kidoleni hapa ninapoandika.

Bibi mmoja nyuma yangu akachungulia. "Hebu kwangua na ya sukari, mwanangu, tuone." Tukacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Kijana wa kaunta (maskini, yeye kaajiriwa tu) ananambia, "Mzigo umepanda bara, dada." Labda. Vyakula vyetu vingi vinavuka bahari, hilo najua. Lakini mbona walipokuwa wawili haukupanda hivi?

Marekani, Kroger na Albertsons, kampuni mbili kubwa za maduka ya vyakula, walitaka kuungana, Desemba 2024 mahakama ikawazuia, kwa hofu hii hii ya ushindani kupungua. Huku kwetu tumeona fulana mpya tu.

Dumu nimelirudisha. Nimepanda daladala hadi Darajani, nikanunua mafuta ya kupima.

Nyie wa Mwanakwerekwe, na wa Chake huko Pemba, lita 3 mnachukua kwa ngapi? Na mkwangue kwanza.