Siku moja maishani mwangu: nafundisha watu Kiingereza cha mapenzi

Nikisema nafundisha Kiingereza watu wananipa heshima zangu. Nikiongeza kwamba ni Kiingereza cha mahusiano, yaani cha mtu kumwambia mwenzake anampenda, amemmisi, ameumia, hapo vicheko vinaanza. Kuna wanaoamini kabisa kazi yangu ni kuwatungia watu meseji za kutongozea. Haya, njooni muone.

Saa 11 alfajiri niko macho, maana nina wanafunzi walio mbali na saa zao si zangu. Nasikiliza voisi walizotuma usiku, nasahihisha, narudisha. Kuna kaka mmoja anamrekodia mchumba wake "I can't live without you" ila hilo can't analipitia mbio mbio na ile t anaimeza, kwa hiyo dada wa watu anachosikia ni kwamba jamaa anaweza kuishi bila yeye vizuri tu. Namwambia kaka kaza hapo, likazie sauti, anarudia, bado anaweza kuishi bila yeye. Tutaendelea kesho.

Saa 2 mpaka saa 5 vipindi vya kawaida. Mmoja aliambiwa "I'm seeing someone" akauliza "who?" akigeuka nyuma kuangalia, hakujua anaambiwa nafasi imeshachukuliwa. Mwingine nimebishana naye kuhusu "I love you", anataka kuisema wiki hii hii, namwambia kwa wengi waliokulia kwenye Kiingereza kuitamka mara ya kwanza ni hatua nzito, watu hutangulia na "I really like you" kwanza. Anaona namnyima.

Saa 6 imeingia meseji, mtu anataka nimwandikie maneno matamu ya kumtumia mzungu wake. Nikamuuliza mmeshaonana hata kwa video? Hapana, na picha anazotumia si zake. Blok. Hawa ndio wanaofanya kazi yangu ionekane ya kitapeli, na siwapi hata nukta.

Saa 8 mchana ndo kikaja kipindi chenyewe. Kaka fulani, mkewe anaongea Kiingereza, wamegombana kwa sababu aliahidi kupiga simu hakupiga. Mke kaandika "It's fine." na nukta mwishoni, yaani bado kanuna, yeye akajibu "Ok good". Mungu wangu. Sasa kaleta msamaha alioutunga mwenyewe, anausoma kwa sauti kama anahutubia mkutano: "I'm sorry if you feel that way, my queen, you are the oxygen of my lungs."

Nikamwambia kaka, hiyo "if you feel that way" itamwasha zaidi, maana unamwambia tatizo ni hisia zake, wewe hujafanya kitu. Akasema mbona ameikuta intaneti. Nikamwambia na wengine wameikuta huko huko na wakaachwa. Nikamuuliza ulifanya nini hasa? Sikupiga. Uliahidi? Niliahidi. Basi andika hivyo hivyo: "I said I'd call and I didn't. I'm sorry." Akaitazama kwenye skrini muda mrefu, akasema, "Ticha, mbona fupi hivyo na mimi nimelipia saa nzima?"

Tukaanza mazungumzo ya amani. Anataka oksijeni irudi. Nikakataa. Anataka angalau malkia. Nikamuuliza siku za kawaida unamwita malkia? Hapana, namwita jina lake. Sasa malkia leo katokea wapi, si atajua umekopi? Akanyamaza, halafu akaniambia kwamba kwa Kiswahili angejua la kusema, angeongea mpaka yule acheke, ila kwa Kiingereza anajiona mtoto wa darasa la kwanza ndo maana anatafuta maneno makubwa ajifiche nyuma yake. Hapo nikapoa. Tukamwongezea sentensi moja, yake mwenyewe, kwamba simu alikuwa nayo mkononi na aliogopa kwa sababu alijua kachelewa. Kuipata sentensi hiyo imechukua muda kuliko vipindi vyote vya asubuhi, kila nikigeuka karudisha oksijeni.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Kuna dada tumefanya mazoezi ya kusema "that hurt" bila kucheka, maana yeye akiumia anacheka na mumewe hajui kama kaumia, kuna mwingine hakutokea kabisa na hajaomba radhi kwa lugha yoyote ile. Sauti imekauka, mgongo unauma, mtu asiniambie kazi ya kukaa ni nyepesi.

Usiku nimeshalala simu ikalia. Yule kaka. Mkewe kamjibu "Thank you. Call me?" na yeye anauliza hiyo alama ya kuuliza ina maana bado amekasirika?

Nikamwandikia: kaka, piga simu.

Akajibu: sawa ticha, ila akipokea naanza na nini, una nusu saa?

Nikazima simu.