Siku ya mwisho mlimani, siku ya tipu

Saa 11 alfajiri, kambi ya Mweka, Mlima Kilimanjaro. Mpishi kashawasha jiko, sisi wagumu, yaani wabeba mizigo, bado tumebanana hemani na soksi zilizoganda. Jana wageni walifika kileleni, kwa hiyo leo ni kushuka tu, ila hakuna anayewaza kushuka, kila mtu anawaza bahasha ya tipu, ile pesa ya asante ya wageni.

Saa 1 tunawaimbia wageni, tunacheza, wanarekodi na simu. Hapo ndo tipu hutolewa. Mgeni akiwa ameelekezwa vizuri anasimama anasoma kwa sauti mbele ya wote, gaidi mkuu (ndo tunavyomwita guide, kiongozi wa msafara) kiasi hiki, asistanti hiki, mpishi hiki, kila mgumu hiki, wote tunasikia na mchezo umeisha. Hawa wa leo wakampa gaidi bahasha moja imefungwa wakasema asanteni sana. Tukapiga makofi tu, tungefanyaje.

Weita yeye alishaitwa pembeni kitambo kapewa yake. Simlaumu, ndiye anayewapelekea maji ya moto na chai kila asubuhi, jina lake wanalijua. Mimi nabeba mahema, nawapita njiani mbio ili wakifika kambi iko tayari, hawajui hata sura yangu. Na yule dogo wa choo je, anabeba uchafu wa watu siku sita nzima halafu analipwa sawa na mbeba mkate??

Saa 2 mizani. Mzigo wa kampuni mwisho kilo 20, begi langu juu yake, haya twende. Kushuka Mweka ni magoti tu, matope na mizizi.

Saa 6 getini. Wageni wanapewa vyeti, mmoja ananiletea buti zake za zamani, namba 46, mi navaa 41. Nikashukuru kwa heshima zote maana soko la mitumba la Memorial kule Moshi zitapata mnunuzi.

Saa 9 mjini, nyuma ya stoo ya kampuni, tunagawana. Dola 30 kila mgumu. Dola 30 kwa siku sita, na kuna noti ya zamani imechanika pembeni ambayo bureau wataikataa au wataikata bei. Mzee mmoja kauliza, "Mkuu, wageni walitoa ngapi jumla?" Gaidi akasema walitoa hiyohiyo. Huwezi kusema kala maana hujui alichopewa, na yeye kama hajala hana namna ya kujisafisha, ndo maana nasema isomwe hadharani, inamlinda na yeye.

Mnaosema tipu ni hiari ya mgeni, sawa, ila bosi akipanga mshahara anasema "si mtapata tipu", anakata huku akijua mgeni atajazia. Kuna kampuni mgumu hafikishi elfu 20 kwa siku, na mgeni kalipa maelfu ya dola akidhani kamaliza kila kitu.

Saa 12 jioni, dalali wa kazi anapiga: kuna kundi Alhamisi, njia ya Lemosho, siku nane. Nikamuuliza huko tipu inasomwa? Akasema, "Mdogo wangu, unataka kazi au unataka kusomewa?" Nikamwambia vyote, na Alhamisi nipo getini.