Kuiona Nyumba Kabla ya Kuchimba Msingi

Wateja wengi ninaowachorea ramani hapa Tanga huishika karatasi, huitazama kwa makini, kisha husema ni nzuri. Siwalaumu, kwa kuwa ramani huchorwa kwa ajili ya fundi: inaeleza upana wa chumba, unene wa ukuta na mahali pa lenta, lakini haimwonyeshi mwenye nyumba kwamba korido yake itakuwa na giza mchana kutwa. Kwa sababu hiyo sipeleki kazi kwa fundi kabla mwenyewe hajaziona picha za 3D, yaani picha za kompyuta zinazoonyesha nyumba kama itakavyoonekana ikishajengwa, na kuzijadili na watu wa nyumbani kwake.

Kompyuta hupewa vipimo vilevile vya ramani, ikajenga umbo la nyumba, halafu ikakokotoa jinsi mwanga unavyodunda kutoka sakafuni hadi ukutani na darini. Mlinganyo unaoongoza hesabu hiyo ulichapishwa na James Kajiya, mtaalamu wa michoro ya kompyuta, mwaka 1986, na leo unatumika hata katika programu ya bure kama Blender.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kuliona jua. Tanga ipo takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, na nyakati zote mbili huwa juu kiasi kwamba paa lililotokeza vya kutosha hulizuia. Linalotesa ni la magharibi, ambalo jioni hushuka na kupenya dirishani hadi ukuta wa ndani. Mama mmoja aliyekuwa anajenga Pongwe alitaka sebule yenye kioo kipana upande huo. Nilipomwonyesha picha ya saa kumi na moja jioni, mwezi Februari, aliitazama kwa muda akaniuliza, “Sasa mwanangu, wageni nitawaketisha wapi?” Tulipeleka sebule mashariki, na upande wa magharibi tukaweka stoo, choo na baraza lenye kivuli kirefu. Kubadili hayo kulichukua jioni moja ya kazi; kuta zikishasimama, mabadiliko hayohayo ni kuvunja tofali na kununua saruji upya.

Picha hizohizo ndizo zinazonifanya nitilie shaka mtindo wa paa la kuficha, yaani paa lililofichwa nyuma ya kuta bila kutokeza nje, unaopendwa sana sasa. Kwa mbali hupendeza, lakini ukiweka jua mahali pake unaona kuta zilizoachwa bila kivuli, jambo ambalo wajenzi wa nyumba za zamani za mjini hapa, zenye mabaraza na mapaa mapana, walilikwepa.

Hata hivyo picha inaweza kudanganya. Nimeona nyumba zikipambwa kwa majani mabichi na miti mikubwa isiyokuwepo kiwanjani, huku ukuta wa jirani ukifutwa. Mimi huuweka ukuta huo, tenki la maji na rangi halisi ya bati, na hupiga picha kutoka kimo cha macho ya mtu aliyesimama, si kutoka angani. Aidha, picha haipimi uimara wa msingi. Hiyo ni kazi ya mhandisi.

Kwa hiyo anayekuletea picha ya nyumba yako muulize jua amelipanga kwa saa ngapi, mwezi gani, na kama dira ya kiwanja chako ameiweka sawasawa. Asipoweza kujibu, mrudishie azitengeneze upya kabla hujalipia tofali.