Picha ya Cleopatra Iliyong'aa Gizani

Nililipa dola 180 kwa karatasi ya inchi 8 kwa 10, na usiku uleule ikaning'alia usoni.

Nilikwenda Marekani kutafuta picha za mnato za filamu bubu zilizopotea. Wengi hudhani picha hizo zilikatwa kwenye mkanda wenyewe. Sivyo. Kwenye upigaji wa filamu alikuwepo mpigapicha wa pili na kamera yake kubwa ya miguu mitatu. Kipande kikiisha kuigizwa, waigizaji huambiwa watulie, naye anapiga zake za kupeleka magazetini na kutundika nje ya kumbi za sinema. Ndiyo maana filamu inaweza kuteketea yote, na picha zake zikabaki salama kwenye droo ya mhariri fulani.

New York sina la kuisimulia. Chumba dola 140 kwa usiku, dirisha linatazama ukuta, bomba la joto linagonga mpaka alfajiri.

Siku ya pili nilivuka mto Hudson kwa basi hadi Little Ferry, New Jersey. Hapo ndipo ghala la filamu za kampuni ya Fox lilipowaka Julai 9, 1937. Mikanda ya zama zile ilikuwa ya naitreti, kitu kinachooza taratibu, na kikioza penye joto kali huweza kujiwasha chenyewe. Mikanda zaidi ya 40,000 iliteketea, na mtoto wa miaka 13 aliyekuwa akiishi jirani akafa. Kazi nyingi za Theda Bara, nyota wa filamu bubu, ziliishia humo. Filamu yake Cleopatra ya 1917 imebaki vipande vifupi tu. Nilizunguka mitaa ile saa nzima nikaona nyumba, majani yaliyofyekwa vizuri na mbwa mmoja aliyenifuata hadi kituoni.

Basi lingine, saa nne za kukunja magoti, likanifikisha kwenye maonyesho ya vitu vya kale. Kiingilio dola 12. Muuzaji mmoja, mtu nadhifu mwenye tai, alikuwa na Theda Bara akiwa Cleopatra, nyoka wa chuma wamejiviringisha kifuani. Picha ilikuwa ndani ya plastiki. Akanisihi nisiitoe, jasho la vidole litaiharibu. Tochi yangu ya kukagulia karatasi nilikuwa nimeiacha chumbani. Moyo ukanienda mbio, nikalipa.

Usiku nikazima taa, nikawasha tochi ile ya mwanga wa zambarau, kama ya kukagulia noti bandia. Karatasi ikawaka nyeupe yenye ubuluu. Karatasi ya 1917 haifanyi hivyo. Dawa za kung'arisha karatasi za picha zilianza kutumika miaka ya 1950. Nikawasha taa, nikatazama kona ya juu. Palionekana mkunjo. Nikapitisha kidole: laini kama kioo. Mkunjo ule ulikuwa wa picha nyingine, ya asili, na mtu aliinakili pamoja na makovu yake. Niliumia sana. Fedha ziliniuma, lakini lililoniuma zaidi ni kwamba uso wa Theda Bara umebaki kwa karatasi chache tu, halafu mtu anazipunguzia hadhi hata hizo.

Asubuhi nilirudi, nikakuta meza tupu. Waandaaji wakasema mauziano ni kati ya mnunuzi na muuzaji.

Nilikuwa naondoka nilipomwona mzee mmoja karibu na mlango, ameketi na maboksi ya viatu yaliyojaa picha. Hakunisifia kitu. Alisema tu, "Anza na mgongo." Nikageuza moja. Mgongoni palikuwa na mhuri wa tarehe, ukanda wa karatasi wenye maelezo uliobandikwa kwa gundi iliyokauka rangi ya asali, na mistari ya penseli nyekundu ya mhariri. Mbele, mwigizaji Janet Gaynor ameketi kwenye bembea ya sarakasi. Ilikuwa 4 Devils, filamu ya mwongozaji F. W. Murnau ya 1928, ambayo hadi leo hakuna nakala yake iliyopatikana. Nikaiinamisha kwenye mwanga wa mlango: kingoni madini ya fedha yaliyomo kwenye picha yalikuwa yamepanda juu ya karatasi, yanameta samawati kama mgongo wa dagaa. Hiyo haighushiwi kirahisi. Tochi nilikuwa nayo safari hii. Karatasi ikabaki giza tupu.

"Dola 90, mzee?"

"Sabini. Umeitazama vya kutosha."

Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti mwaka 2013: kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 za nchi ile, asilimia 14 tu ndizo zilizosalia katika umbo lake la kwanza. Nilikuwa naijua hesabu hiyo kwa miaka, ila sikuwahi kuishika mkononi.

Nyumbani picha pekee ya babu yangu ni ya harusi ya watu wengine. Amesimama pembeni, nusu ya bega imekatwa. Ndani ya basi la kurudi nilimkumbuka, kwa sababu ya penseli ile nyekundu. Upande wa kushoto wa picha yangu, nje kidogo ya mwanga, kuna kibarua ameshika kamba ya bembea. Mistari ya mhariri mgongoni inaangukia hapo hasa: aondolewe, gazetini abaki Gaynor peke yake. Gazeti lilimkata, na filamu haipo. Kwenye karatasi hii bado ameishika kamba, shingo imekaza, anamtazama msichana juu asije akaanguka.