Kulala Mikindani, nyumba ya mawe na chokaa

Mtu wa Masasi au Newala akipata vijisenti vya korosho na akataka kumpeleka mwenza wake mahali, utamsikia anataja Zanzibar. Hesabu zikikataa, watakwenda Mtwara mjini, watalala gesti ya barabarani yenye televisheni ukutani, jioni wale chipsi kuku, asubuhi wapande gari warudi. Mimi na mume wangu tumefanya hivyo kwa miaka na wala sikulalamika. Mwaka huu tumelala Mikindani, kwenye nyumba ya zamani ya mawe, na tangu nirudi sina hadithi nyingine. Wanandoa wa Kusini, hiki kitu tunacho hapa hapa nyumbani na tunakipita kila siku tukiwa ndani ya basi.

Tulikwenda mwanzoni mwa Juni. Mkulima wa korosho ananielewa: mvua zimekwisha, palizi imekwisha, salfa, ile dawa ya kupuliza mikorosho, bado haijaanza. Ukishaanza kupuliza, hutoki shambani. Watoto tuliwaacha kwa mama yangu Newala, naye hakuuliza maswali mengi, alicheka tu akasema haya nendeni. Tukapanda Coaster Masasi, Ndanda, Nyangao, Mtama, mpaka pale Mnazi Mmoja ambapo kushoto ni Lindi na kulia ni Mtwara. Mikindani iko kama kilomita 10 kabla ya kufika Mtwara mjini, barabara inapopita kando kabisa ya ghuba. Mwambieni kondakta mapema, maana gari likiwa na haraka linapita moja kwa moja mpaka stendi.

Nyumba yenyewe ipo nyuma ya barabara, mlima unapoanzia, katikati ya minazi. Siyo kubwa. Ni ya chini, ina baraza la mawe pande zote mbili za mlango, paa la makuti, na ua nyuma wenye kisima na mti wa asumini. Mama mwenye nyumba ni wa umri wa mama yangu mzazi. Alitupokea pale barazani, tukamwamkia, akaitikia marahaba wanangu, karibuni kwenu, kisha akamwambia mume wangu ainamishe kichwa anapoingia. Wenyewe wanasema nyumba ni ya babu wa babu yao aliyekuwa mfanyabiashara. Sehemu moja iliporomoka, familia wakachangishana, wakaanza kuijenga upya kidogo kidogo, na sasa chumba kimoja kiko tayari kwa wageni.

Nianze na mlango, kwa sababu pale nilisimama mpaka mume wangu akaniita. Una mbao mbili na katikati una mfaa, ule mti mnene ulionakshiwa ambao mbao zote mbili hujibana kwake. Ukingoni kuna nakshi ya mnyororo inayozunguka fremu nzima, na chini karibu na kizingiti kuna magamba ya samaki yaliyochongwa, moja juu ya jingine. Mengine yamelika kwa mikono ya watu na chumvi ya bahari mpaka yamekuwa laini. Nilipitisha kidole pale, nikawa nawaza ni wanawake wangapi waliopita mlango huu wakiwa maharusi.

Ndani chumba ni kirefu lakini chembamba. Mume wangu, ambaye amejenga nyumba yetu kwa tofali za kuchoma na anajiona fundi, aliuliza kwa nini mtu mwenye uwezo wa kuchonga mlango kama ule ajenge chumba chembamba. Mama akamwonyesha juu. Dari limebebwa na boriti, miti ya mikoko iliyokatwa mikokoni, na chumba hakiwezi kuzidi urefu wa boriti. Ndiyo maana nyumba za zamani za pwani yote hii, Kilwa mpaka Lamu, vyumba vyake ni vyembamba. Upana uliamuliwa na mti. Kuta zina unene unaozidi dhiraa, mawe ya matumbawe na chokaa, na mchana wa saa nane, nje jua linachoma, ukiweka kiganja ukutani unakuta ubaridi.

Tulibahatika kumkuta fundi akipiga lipu ukuta wa nyuma. Mzee mpole, hakuwa na haraka. Alitueleza kwamba chokaa hutokana na matumbawe yanayochomwa juu ya lundo kubwa la magogo, kisha majivu yale meupe yanamwagiwa maji, yanafunikwa na kuachwa yapoe kwa muda mrefu, ndipo yachanganywe na mchanga. Akatuonyesha sehemu ambayo zamani mtu aliziba kwa saruji. Saruji ilikuwa imebanduka kwa vipande, na nyuma yake ukuta ulikuwa umeota chumvi nyeupe inayomeguka ukiigusa. Akasema ukuta wa matumbawe unanyonya maji kutoka chini na lazima uyatoe. Chokaa inayapitisha, saruji inayafungia ndani, basi yanakula mawe taratibu. Kisha akampa mume wangu mwiko. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamtazama baba wa watoto wangu akisawazisha chokaa, ulimi nje kidogo kama anavyofanya akiwa anafikiri sana, na mzee akimwambia polepole mwanangu, usiikandamize. Sijui nieleze vipi. Nilimwona upya. Nyumbani ninamwona akiondoka na pampu mgongoni na akirudi amechoka.

Usiku hakuna televisheni. Kuna taa ya sola, kitanda cha mbao cha miguu mirefu, chandarua, na mama alikuwa ametuwekea kikuba juu ya mto, asumini ya pale pale uani na majani ya rehani. Shuka zilikuwa zimefukizwa udi. Mengine nayahifadhi. Ila nitasema hili: tumeoana muda wa kutosha, na mazungumzo yetu ya usiku yalikuwa yamebaki ada, salfa, mnada wa korosho umefungwa kwa bei gani, na nani anadai. Usiku wa kwanza pale tulianza na hayo hayo. Yalipokwisha tukabaki kimya, upepo wa kusi unapiga makuti, halafu akaniuliza kitu ambacho hajaniuliza tangu uchumba: ulikuwa unaogopa nini ulipokuwa mdogo? Tuliongea mpaka majogoo.

Lakini pia Mikindani haikuwa mji wa raha tu, na sitaki kuwaandikia kana kwamba ni mapambo. Mume wangu ni Mmakua. Mimi ni Mmakonde. Hii ilikuwa moja ya bandari walikoteremshiwa watu wa bara pamoja na pembe za ndovu, kabla Sultani wa Zanzibar hajatia saini mwaka 1873 kuizuia biashara ya utumwa baharini. Livingstone, yule mmisionari mvumbuzi kutoka Uingereza, alipoanzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, njia aliyoifuata kuelekea Ruvuma na bara ilikuwa nchi iliyojaa habari hizo. Wazee wetu Newala wanasema wao walipanda juu kule uwandani, mahali pasipo na maji, kwa sababu waliona bora kuhangaikia ndoo kuliko kukamatwa. Bibi yangu aliteremka bondeni kuchota maji maisha yake yote, na sababu ya yeye kuishi kule juu ilikuwa huku chini.

Tuliyasema hayo jioni ya pili pale barazani. Mume wangu aliuliza kwa sauti ndogo kama babu wa babu wa mama huyu naye alifanya biashara ile. Mama alimsikia. Hakukasirika. Alisema hajui aliuza nini, alichoambiwa ni ufuta na mpira, lakini miaka ile nani alikuwa safi kabisa. Na yeye mwenyewe upande wa mama yake wapo waliotoka bara ambao hakuna anayejua walifikaje. Akakaa kidogo, akasema mimi naijenga kwa sababu ikianguka hata swali lako hutakuwa na pa kuuliza. Kisha akaenda kutia nazi kwenye mchuzi. Usiku ule mume wangu alinishika mkono muda mrefu bila kusema. Nadhani ndipo nilipojua kwamba mahali pa kupumzikia wapendanao si lazima pawe mahali pasipo na uchungu.

Chakula! Changu wa kupaka, wali wa nazi, na asubuhi ming'oko, ile mizizi ya kuchimba porini, ya kuchemsha iliyokamuliwa ndimu na kunyunyiziwa pilipili, kwa chai ya rangi. Mtu wa Mtwara asiyekula ming'oko simwelewi.

Mchana tulizunguka mji. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado limesimama, jeupe, limekarabatiwa na kufanywa hoteli, na ukipanda mlima nyuma yake unaiona ghuba yote, mduara wenye mlango mwembamba wa kutokea baharini. Ghuba ile iliupa mji uhai, na kina chake kidogo ndicho kilichouponza. Waingereza walipoleta mradi wa karanga Nachingwea mwaka 1947 walitaka bandari ya meli kubwa, wakaijenga Mtwara. Karanga zikawashinda, mwaka 1951 mradi ukaachwa, lakini Mtwara ilikwishakuwa mji na ofisi zilikwishahamia kule. Mikindani ikabaki na nyumba zake. Nyingi leo ni magofu yaliyootwa na mibuyu na mikwakwa. Unaona dirisha lenye nakshi, ndani anga. Inauma kuona. Maji yakitoka, kina mama wanaingia ghubani na vyandarua kutanda dagaa, na mitumbwi inakaa upande kwenye tope ikisubiri maji yajae. Tulikaa pale hadi jua kuzama, tukanunua kwa mtoto korosho za kukaanga ambazo huenda zimetoka shambani kwetu, mume wangu akazikagua kwa macho ya mnada.

Kwa anayetaka kwenda: msiende Januari hadi Machi, mvua ni nyingi na joto linabana. Juni mpaka Agosti upepo ni mzuri, usiku mtataka shuka la pili. Vaeni kwa heshima, ni mji wa watu wa dini. Dada, chukua kanga za kutosha. Umeme hukatika. Maji ya kuoga ni ya kisima, yanapashwa ukiomba. Bei haizidi sana gesti nzuri ya mjini, na hela inayotoka pale mnaiona ilipokwenda, maana fundi yupo nyuma anapiga lipu.

Kinachomsumbua mama sasa ni boriti. Mikoko inalindwa, haikatwi bila kibali, na ni sawa kabisa, kwani bila mikoko hakuna kamba wala dagaa pale ghubani. Anafuatilia kibali cha miti michache ya chumba cha pili, na mahali pengine atatumia mbao za msaji. Mume wangu amemwahidi kwamba kibali kikitoka kabla ya korosho kuanza kudondoka, atakuja kusaidia kupandisha dari. Nami nimekwisha mwambia wifi yangu aanze kumzungumza mume wake, chumba hicho cha pili ni chao.